Ua Lililobeba Jina la Bi Taki

Umeliona hili ua, hata kama hujui linaitwaje. Ni lile la mviringo, kubwa kama kichwa cha mtoto, lenye vijiua vingi vilivyosongamana hadi huoni shina. Liko kwenye meza za harusi za wenye pesa zao, liko kwenye shada la bibi harusi anayetaka picha zake zitoke na rangi ya buluu, na liko kwenye bustani za nyumba za zamani kule Limuru, ambako baridi na ukungu hulikubali. Wauza maua wa Nairobi huliita haidrenjia. Wajapani huliita ajisai. Na kuna wakati wataalamu wa mimea Ulaya waliliita Hydrangea otaksa. Wengi walidhani otaksa ni neno la Kijapani la mmea huo. Kumbe ni jina la msichana.

Ningependa tumzungumzie huyo msichana, kwa sababu jina lake limesafiri kuliko yeye mwenyewe. Lakini hatuwezi kumfikia bila kupitia kisiwani.

Mwaka 1636 watawala wa Japani, ile serikali ya shoguni, walimaliza kujenga kisiwa cha kutengenezwa kwenye ghuba ya Nagasaki. Kikaitwa Dejima. Kilikuwa na umbo la pepeo, lile la kujipepea joto likizidi, na mtu angeweza kukizunguka chote kabla chai haijachemka. Lengo la kwanza lilikuwa kuwafungia Wareno, hawa hawa ambao huku kwetu Mombasa walianza kujenga Fort Jesus mwaka 1593. Serikali ya Japani iliiogopa dini yao. Mwaka 1639 Wareno wakafukuzwa kabisa, na 1641 Waholanzi wakahamishiwa hapo. Kwa zaidi ya miaka 200 baada ya hapo, Mzungu aliyetaka biashara na Japani alikuwa na mlango huo mmoja tu. Daraja moja la kuvukia mjini, walinzi getini, meli moja au mbili kwa mwaka.

Na getini kulikuwa na tangazo. Lilisema, miongoni mwa mambo mengine, kwamba hakuna mwanamke anayeruhusiwa kuingia isipokuwa makahaba waliosajiliwa. Hilo tangazo likae kichwani, tutalihitaji.

Agosti 1823 akashuka daktari mmoja wa miaka 27, Philipp Franz von Siebold. Tatizo la kwanza: hakuwa Mholanzi. Alikuwa Mjerumani kutoka Würzburg, aliyeajiriwa na Waholanzi, na sheria ilisema Waholanzi tu. Wakalimani wa Kijapani, ambao walikuwa wamekisoma Kiholanzi tangu utotoni, walisikia mara moja kwamba huyu jamaa anaongea vibaya. Wakauliza. Wakajibiwa kwamba yeye ni Mholanzi wa milimani, ndiyo maana lafudhi yake iko hivyo. Uholanzi haina milima, lakini nani angekwenda kuhakikisha? Akapita.

Siebold alikuwa daktari mzuri, na hasa alikuwa mkusanyaji. Wagonjwa wa Kijapani hawakumlipa pesa. Walimletea vitu: vyombo, vitabu, wanyama, mimea. Mwaka 1824 akaruhusiwa kufungua shule nje ya kisiwa, mahali panapoitwa Narutaki, akawa anafundisha tiba ya Kizungu. Vijana wakaja kutoka kila pembe ya nchi. Kila mmoja alipewa kazi ya kuandika tasnifu kwa Kiholanzi kuhusu jambo fulani la Japani: dawa, mila, mimea, jinsi chai inavyolimwa. Akimaliza anapewa cheti. Hebu fikiria huo mpango. Mwanafunzi anapata karatasi, mwalimu anapata maarifa ya nchi nzima, yameshatafsiriwa, yako tayari kupakiwa kwenye sanduku. Mimi niliacha chuo kabla sijamaliza, kwa hiyo huenda nina chuki zangu na vyeti, lakini hata mwenye digrii tatu ataona ni nani hapo aliyekuwa anasomeshwa na nani.

Kisiwani alitengeneza bustani ndogo ya mimea. Alituma mbegu za chai Java, iliyokuwa koloni la Waholanzi. Akakusanya na kukusanya.

Na akaishi na msichana anayeitwa Kusumoto Taki.

Taki alizaliwa 1807, kwa hiyo Siebold aliposhuka melini alikuwa na miaka kama 16. Kwa sababu ya lile tangazo la getini, hangeweza kuingia Dejima kama mke, wala kama mchumba, wala kama mfanyakazi wa nyumbani. Aliingia kwa jina la kazi, Sonogi, akiwa ameandikishwa kama kahaba wa mtaa wa Maruyama. Wanahistoria wanabishana hadi leo: alikuwa kweli wa Maruyama, au aliandikishwa huko ili tu apate kibali cha kuvuka daraja? Kwa serikali hakukuwa na tofauti. Kwenye daftari lao mlango ulikuwa mmoja, na ili aupite ilimbidi apokee jina lililokuwa limeandikwa juu yake.

Mwaka 1827 wakapata mtoto wa kike, Ine.

Kwa Kijapani, ukimtaja mwanamke kwa heshima, wakati ule ulitanguliza "O" na kumalizia na "san", kama sisi tunavyosema Bi fulani. Taki akawa O-Taki-san. Ulimi wa Kijerumani ukilisema haraka haraka, linabaki Otaksa.

Mwaka 1828 mambo yakaharibika. Miaka miwili nyuma yake Siebold alikuwa amesafiri na msafara wa Waholanzi hadi Edo, mji ambao leo ni Tokyo, kumsalimia shoguni. Huko alifahamiana na Takahashi Kageyasu, mnajimu wa serikali, mtu msomi aliyekuwa na njaa ya vitabu vya nje. Wakabadilishana. Takahashi alipata kitabu cha safari za baharini cha Krusenstern, yule nahodha wa Urusi aliyeizunguka dunia. Siebold akapata nakala za ramani za Japani zilizotokana na kazi ya Inō Tadataka, mzee aliyeipima nchi yake kwa miguu kwa miaka mingi. Kumpa mgeni ramani kama hizo ilikuwa hatia ya kifo.

Siri ikatoka. Takahashi akakamatwa, akafia gerezani mwaka 1829. Maiti yake ikahifadhiwa kwa chumvi hadi hukumu itoke, na ilipotoka, ikakatwa kichwa. Wanafunzi na wakalimani kadhaa wakaadhibiwa. Siebold, kwa kuwa alikuwa mgeni, alifukuzwa tu na kupigwa marufuku asirudi tena. Mwisho wa Desemba 1829 akaondoka. Ine alikuwa na miaka miwili na nusu.

Alipoondoka alikuwa na kasha dogo la vanishi ya Kijapani, limenakshiwa kwa chaza picha za Taki na Ine. Bado lipo, limehifadhiwa Nagasaki. Alikuwa pia na masanduku mengi ya mimea iliyokaushwa, na mimea mingine ikiwa hai, ingawa mingi ya hiyo hai haikuvumilia safari ya miezi baharini.

Uholanzi, akishirikiana na Joseph Gerhard Zuccarini wa Munich, akaanza kutoa kitabu kikubwa cha mimea ya Japani, Flora Japonica, kuanzia mwaka 1835. Picha zake zilitegemea sana michoro ya Kawahara Keiga, msanii wa Nagasaki. Humo ndani ndimo haidrenjia ya vichwa vya mviringo ilipoitwa Hydrangea otaksa. Siebold hakusema hili ni jina la mama wa mtoto wangu. Alieleza kwamba ndivyo wenyeji wanavyouita mmea huo.

Ikapita miaka mingi. Karne ya 20, Makino Tomitarō, anayeitwa na wengi baba wa elimu ya mimea ya Japani, akajiuliza: ni wenyeji gani hao? Hakuna Mjapani aliyewahi kuita ajisai otaksa. Alipogundua kwamba ni O-Taki-san, alikasirika. Aliona ni aibu, ua safi kama hilo kubebeshwa jina la kahaba.

Nimelifikiria sana hilo neno lake. Makino hakuwa mtu wa tabaka la juu kitaaluma. Aliacha shule ya msingi baada ya miaka kama miwili, akajisomesha mwenyewe, akaja kupewa udaktari wa chuo kikuu mwaka 1927 akiwa mzee. Mke wake Sueko alipofariki mwaka 1928, aliupa mwanzi mmoja jina lake. Hapo alikuwa amefanya kitu kile kile. Kwani tofauti ilikuwa nini? Ndoa ya Sueko ilikuwa kwenye karatasi inayokubalika. Ya Taki ilikuwa kwenye daftari la Maruyama, kwa sababu serikali haikumwachia daftari lingine.

Cha ajabu ni kwamba sayansi ilishalimaliza jambo hilo kwa njia yake baridi. Kwenye kuipa mimea majina, aliyetangulia kuchapisha ndiye anayeshinda. Carl Peter Thunberg, mwanafunzi wa Linnaeus aliyefika Dejima mwaka 1775, alikuwa ameshauandika mmea huu katika kitabu chake cha 1784, akiuita Viburnum macrophyllum. Mwaka 1830 Nicolas Seringe akauhamishia kwenye kundi la haidrenjia. Kwa hiyo jina halali ni Hydrangea macrophylla, yaani haidrenjia ya majani makubwa. Otaksa likashushwa cheo, likabaki jina la aina moja tu ya bustanini. Kweli majani ni makubwa, hakuna wa kubisha.

*

Sasa tuuangalie mmea wenyewe, kwa sababu una visa vyake.

Kwao Japani ni kichaka kinachopukutisha majani baridi ikija, kikabaki vijiti vikavu utadhani kimekufa, halafu mvua za Juni zinapoanza kinalipuka kwa rangi. Jina la Kigiriki la haidrenjia limejengwa na maneno mawili, maji na chombo, kutokana na umbo la vibegu vyake. Lakini ukikipanda utadhani limetokana na kiu yake. Jua kali la saa saba likikipata bila maji, majani yote yanalegea kama nguo iliyoloweshwa. Mpe maji jioni, asubuhi amesimama. Anapenda jua la asubuhi na kivuli cha mchana.

Kile unachokiita ua, si ua. Yale mapana yenye rangi ni sepali, yale majani madogo ambayo kwa maua mengine huwa chini, ya kijani, yakilishika ua. Ua lenyewe ni kitone kidogo katikati. Ndiyo maana rangi hudumu kwa wiki nyingi, na wauza maua wanaweza hata kuyakausha.

Halafu kuna hiyo rangi. Unakumbuka karatasi ya litmasi ya kidato cha kwanza? Asidi inaigeuza nyekundu, alikali inaigeuza buluu. Haidrenjia iko kinyume. Kwenye udongo wenye asidi, pH chini ya kama 5.5, inatoa buluu. Udongo ukikaribia 7 na kupita, inatoa waridi. Katikati unapata zambarau. Siri si asidi yenyewe, ni alumini. Udongo mwingi una alumini, lakini imefungwa. Asidi inaifungua, mizizi inainywa, inapanda hadi kwenye sepali, inashikana na rangi iliyomo na kuigeuza buluu. Bila alumini, rangi ile ile inabaki waridi. Aina nyeupe hazijali, hazina rangi hiyo ya kugeuzwa.

Hapo ndipo utaelewa Limuru. Majani chai yanataka udongo wenye asidi, na Limuru ndiko miche ya kwanza ya chai nchini ilikopandwa mwaka 1903. Udongo unaolea chai ndio huo huo unaoipa haidrenjia buluu. Visiwa vya Azores, vya Wareno, ni hivyo hivyo: udongo wa volkano, na ua wa haidrenjia unaotenganisha mashamba. Kimoja, Faial, kinaitwa kisiwa cha buluu kwa sababu hiyo.

Kwa hiyo ukinunua mche wa buluu kwenye kitalu kando ya barabara, ukaupanda kando ya ukuta wa simiti, usimlaumu muuzaji msimu ujao ukitoa waridi. Simiti ina chokaa, chokaa inaua asidi, alumini inafungwa. Mbolea yenye fosforasi nyingi kama DAP nayo huifunga alumini. Ukitaka buluu irudi, tafuta shabu, yale mawe meupe ambayo watu hutumia kusafishia maji. Shabu ni chumvi ya alumini. Yeyusha kidogo kwenye ndoo ya maji, mwagia udongo uliolowa, si majani, na usizidishe, mizizi itaungua. Ukitaka waridi, weka chokaa. Ni kazi ya miezi, si ya wikendi.

Wauza maua wanaijua shabu kwa sababu nyingine. Ua la haidrenjia likikatwa, ncha ya shina hutoa utomvu unaoziba njia ya maji, na kabla harusi haijaisha kichwa kimeinama. Wakikata shina upya na kulichovya kwenye unga wa shabu, linakunywa tena.

Na usiyatumie majani kupamba sahani. Mwaka 2008 kuna watu Japani waliokula jani la haidrenjia lililopambia chakula mkahawani, wakaishia kutapika. Lakini iko ndugu yake ya milimani, Hydrangea serrata, ambayo aina yake moja majani yakisuguliwa na kukaushwa yanatoa chai tamu bila sukari, amacha. Kila tarehe 8 Aprili, Wabudha wa Japani huimwagia sanamu ya Buddha mchanga chai hiyo kusherehekea kuzaliwa kwake.

Wajapani wa zamani hawakulipenda ajisai jinsi linavyopendwa leo. Lilikuwa na jina jingine, shichihenge, mageuzi saba, kwa vile linafungua na rangi moja na kunyauka na nyingine. Ua la kigeugeu. Watu wa upanga, walioapa kufa na bwana mmoja, hawakuona sifa hapo. Nadhani ndiyo maana hadithi ya Taki inalishikilia ua hili vizuri. Hili ua halibadiliki kwa sababu halina msimamo. Linabadilika kulingana na kile ambacho udongo umekubali kuliachia.

*

Ulaya lilikuwa biashara. Siebold mwenyewe alifungua kitalu Leiden, akauza mimea ya Japani. Aina ya Otaksa, pamoja na nyingine iliyoletwa na Charles Maries mwaka 1879, zikawa kwenye mikono ya wakuzaji wa Ufaransa, kina Lemoine wa Nancy na Mouillère, na mwanzoni mwa karne ya 20 wakazalisha aina mpya baada ya aina mpya. Haidrenjia nyingi za madukani leo zina ukoo huko.

Si kila alichokileta Siebold kilileta furaha. Kitalu hicho hicho ndicho kilichosambaza mmea mmoja wa Japani wenye mashina kama mwanzi, uliopewa medali ya dhahabu Utrecht mwaka 1847 kwa kuwa pambo jipya la kuvutia. Leo Uingereza ukiwa na huo mmea kwenye ploti yako, kuuza nyumba ni shida, maana unapenya kila ufa na hauondoki. Sisi hatuna haja ya kuambiwa. Gugu maji la Ziwa Viktoria nalo lilitoka Amerika ya Kusini likisifiwa kwa ua lake zuri la zambarau.

Na Ine je? Alikulia Nagasaki na uso uliomwambia kila mpita njia kwamba baba yake ni mgeni aliyefukuzwa. Mama yake aliolewa tena. Ine akataka kuwa daktari, katika nchi ambayo hilo halikuwa jambo la mwanamke. Ninomiya Keisaku, mwanafunzi wa baba yake wa enzi za Narutaki, akamfundisha. Kisha akaenda kusomea uzalishaji kwa mwanafunzi mwingine wa baba yake, Ishii Sōken. Huyo akampa mimba, na simulizi ya familia inasema Ine hakuridhia. Mtoto, msichana, alizaliwa mwaka 1852. Ine akaendelea kusoma. Alijifunza Kiholanzi kwa Ōmura Masujirō, na huko Nagasaki akasoma kwa Pompe van Meerdervoort, daktari Mholanzi.

Mwaka 1859, marufuku ikiwa imeondolewa, Siebold akarudi na mtoto wake wa kiume wa ndoa ya Ulaya. Miaka 30 ilikuwa imepita. Akaonana na Taki, akaonana na Ine, mwanamke wa miaka 32, tayari yuko kazini. Hawakuwa familia tena. Siebold alikuja kufariki Munich mwaka 1866.

Ine alifungua kliniki Tokyo mwaka 1870. Mwaka 1873 akaitwa kasri la Mfalme Meiji kumhudumia mmoja wa wanawake wa mfalme wakati wa kujifungua, ingawa mtoto hakuishi. Hebu pima: binti wa Sonogi wa daftari la Maruyama, yuko ndani ya kasri kwa sababu ya ujuzi wake. Halafu serikali mpya ikaleta mitihani ya leseni ya udaktari, na wanawake hawakuruhusiwa kuifanya hadi 1884. Mwaka uliofuata Ogino Ginko akawa mwanamke wa kwanza kupata leseni hiyo. Ine alikuwa anakaribia miaka 60. Mtu aliyekuwa amewatibu watu miaka na miaka alimaliza kazi yake kama mkunga, kwa sababu mlango mwingine tena ulikuwa na tangazo juu yake. Alifariki mwaka 1903.

Nikiiweka hadithi hii karibu na ya kwetu, nakumbuka ua jingine dogo la zambarau, lile linalouzwa kwenye vikopo duniani kote kama urujuani wa Afrika. Linatoka milima ya Usambara, na msitu wa Mbololo kule Taita una aina yake ya peke yake. Mwaka 1893 lilipewa jina Saintpaulia, kwa heshima ya Walter von Saint Paul-Illaire, afisa wa Kijerumani aliyelipeleka Ulaya. Waliolijua kabla yake hawakuulizwa, na hawamo kwenye jina. Mwaka 2015 wataalamu walilihamishia kundi jingine, na Saintpaulia nalo likashushwa cheo kama otaksa.

Kwa hiyo sisemi kwamba Siebold alimtendea Taki hisani. Kumpa mtu ua badala ya kurudi ni malipo ya bei rahisi, na hata hapo hakuthubutu kumtaja waziwazi. Lakini wenye vyeo wengi waliandika majina yao kwenye mimea ya wengine, na katika orodha hiyo ndefu msichana wa daraja la Dejima amepenya, tena kwa jina lake la nyumbani. Siyo Sonogi, lile aliloandikiwa getini. Taki. Tena na heshima zake zote mbili, ya mbele na ya nyuma, hata kama zimemezwa na lafudhi ya mtu wa milimani.

Mwaka 1968 mji wa Nagasaki uliichagua ajisai kuwa ua lake rasmi. Kisiwa cha Dejima hakizungukwi tena na bahari, mji umekimeza. Kila Juni, mvua zikianza, ua hilo linachanua mjini kote, na wenyeji ambao Makino alisema hawajawahi kulisikia neno hilo, sasa wanalijua: otakusa, wanasema, na wanakueleza ni nani.

Aina hiyo bado inaishi kwa njia ile ile ya zamani. Haipandwi kwa mbegu. Unakata tawi changa lisilo na ua, la urefu wa kiganja, unabakiza majani mawili juu na kuyapunguza nusu, unalichomeka kwenye mchanga uliolowa kivulini, unalifunika na mfuko wa nailoni. Baada ya kama mwezi lina mizizi. Ukija kulipogoa, fanya hivyo mara tu maua yakiisha, maana matumba ya msimu ujao hutungwa mapema kwenye matawi ya zamani, na mwenye haraka ya mkasi huyakata bila kujua. Kila mche wa Otaksa ni kipande cha mche mwingine, uliokuwa kipande cha mwingine, kurudi nyuma hadi kichaka kimoja. Vingine vyote vya Taki vimepita kwenye mikono ya waandishi. Hiki kinapita kwenye mikono ya wakulima.